Nani Atabaki Kiunga?



Leo napenda tuzungumze habari za nchi iliyo kaskazini ya mji wa Lamu, ile inayoanza pale chombo kinapokiacha kisiwa cha Manda kikaelekea Pate, Siyu, Rasini na Kizingitini, kikapita Ndau na Kiwayu, kikaambaa na visiwa vidogo vidogo vya miamba hata kikafika Mkokoni na Kiunga, na mwisho wa yote Ishakani, kijiji ambacho baada yake Kenya haina kijiji kingine, kwani mbele yake ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni Ras Kamboni katika nchi ya Somalia. Wenyeji wa pwani hiyo ni Watikuu, ambao wengi wenu mnawajua kwa jina la Wabajuni. Na bara yake, ndani ya misitu ya Boni na Dodori, wanaishi Waaweer, ambao jirani zao huwaita Waboni. Ni nchi ya kale, yenye magofu ya miji, yenye mashairi na wanazuoni, yenye samaki, misitu na ardhi ya rutuba. Na pamoja na neema zote hizo, ni nchi ambayo watu wake wamekuwa wakiondoka kwa zaidi ya nusu karne, mmoja mmoja na kabila zima zima, bila ya sauti yao kusikika mbali.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kenya nzima ilikuwa na watu 47,564,296. Katika hao, Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920. Na katika hao wa Lamu, eneo lote la Lamu Mashariki, yaani kisiwa cha Pate na miji yake, na Ndau, na Kiwayu, na bara yote mpaka mpakani, lilikuwa na watu 22,000 na kidogo tu. Miaka kumi kabla yake Lamu Mashariki ilikuwa na watu karibu 19,000, na Lamu Magharibi ilikuwa na watu 82,000, ambao katika muda huo wa miaka kumi walizidi wakafika zaidi ya 121,000. Sisemi kwamba Lamu Mashariki imepungua watu katika muda huo, maana hesabu haisemi hivyo. Nisemalo ni kwamba wachache hao wameongezeka polepole sana, wamesongamana visiwani, na bara iliyokuwa ikiwalisha, kutoka Mkokoni kwenda juu, sehemu yake kubwa imebaki mahame.

Haikuwa hivi tangu azali. Katika karne ya kumi na tisa Watikuu wa visiwani walivuka bara, wakafyeka misitu, wakalima mtama, mahindi, ufuta na pamba, na ufuta wao ukapakiwa majahazini ukauzwa mbali. Desturi yao ilikuwa ya busara kubwa, na ni lazima niieleze kidogo, maana pasipo kuifahamu hatuwezi kufahamu hasara iliyowapata. Bahari ya kaskazini haiwi radhi mwaka mzima. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, maji yakawa safi, na mvuvi akatoka nje ya miamba akapata riziki yake kwa wasaa. Lakini kusi likiingia, kuanzia mwezi wa nne au wa tano hata mwezi wa tisa, mawimbi huwa makali na vyombo vidogo haviwezi kutoka. Basi msimu huo ambao bahari imefunga mlango ndio uliokuwa msimu wa mvua na wa shamba. Mtu alikuwa na nyumba ya kisiwani, penye msikiti wake na makaburi ya wazee wake, na alikuwa na dungu la bara, ambako yeye na ahali yake walilima na kulinda ndege. Mguu mmoja baharini, mguu mmoja shambani. Na aliyesimama kwa miguu miwili haanguki kwa urahisi.

Mguu mmoja ulikatwa katika vita vya Mashifta, waasi waliotaka kaskazini mashariki ya Kenya ijiunge na Somalia. Vita vile, vilivyopiganwa tangu mwaka 1963 hadi 1967, aghalabu huhesabiwa kuwa kisa cha Garissa, Wajir na Mandera, na ni kweli kwamba huko ndiko madhila yalikozidi. Walakini husahauliwa kuwa moto wake uliifikia pwani, na kwamba vijiji vya bara ya Watikuu, kama vile Rubu, Mvundeni na Ashuwei, vilijikuta baina ya majeshi mawili, hili likiwatoza chakula kwa nguvu na hili likiwatuhumu kwa kutoa chakula hicho. Wakakimbia. Bibi mmoja aliyezaliwa bara hiyo, ambaye amekuwa mkaazi wa Malindi tangu utotoni mwake, alinihadithia kwamba siku waliyoondoka, baba yake alikuwa amekwisha kata ufuta, nao umesimamishwa mafungu mafungu ukikauka ili upate kupukutwa. Wakapakia katika mashua mtungi, jembe, mkeka na msahafu, na ufuta wakauacha umesimama pale pale shambani. Alikuwa akiukumbuka ufuta ule kuliko nyumba. Nikamwuliza kama waliwahi kurudi, akanijibu kuwa baba yake alikufa akingojea kuambiwa kwamba sasa ni salama, na hakuna aliyemwambia.

Mapatano ya kumaliza vita yalifanywa Arusha mwezi wa Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, na Kenya na Somalia zikapeana mikono. Lakini hapana wito uliotolewa wa kuwarudisha watu wa Rubu na Mvundeni katika mashamba yao. Badala yake, mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishitakiwe kwa mambo yaliyotendeka baina ya tarehe 25 Disemba 1963 na tarehe 1 Disemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Yatafakarini maneno hayo, wasikilizaji. Mtu aliyepoteza shamba, chombo, nyumba au jamaa katika miaka ile alifungiwa mlango wa mahakama kwa sheria iliyoitaja wilaya yake kwa jina.

Na wakati vita vile vikiendelea, Nairobi kuliandikwa waraka ambao athari yake, kwa maoni yangu, imekuwa kubwa na ya muda mrefu kuliko ya bunduki. Nao ni Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Waraka huo una mambo mengi mema; lakini mna kifungu kisemacho kwamba, ili uchumi wa nchi ukue upesi, fedha za maendeleo zitiwe mahali ambapo zitazidisha mazao kwa wingi zaidi, na mahali penyewe pakaelezwa kuwa ni pale penye ardhi nzuri na mvua, penye njia na umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Faida itakayopatikana huko, waraka ukasema, ndiyo itakayokuja kugawiwa sehemu nyingine. Sina shaka kwamba walioandika walidhani wanafanya insafu, kwa kuwa nchi ilikuwa changa na hazina ilikuwa nyembamba. Lakini tazameni maana yake kwa mtu wa Kiunga. Hana njia, basi hatapewa njia, kwa sababu njia hupewa aliye nayo. Hana umeme, basi asubiri mpaka wenye umeme watajirike. Na watu wake wamekimbia vita, basi ni nani huko wa kuyapokea maendeleo?

Hapo ndipo ilipozaliwa hesabu ambayo naitaja leo kuwa ni dhuluma, ingawa wanaoifanya si madhalimu. Hofu huondoa watu; watu wakiondoka, mahali huhesabiwa kuwa patupu; mahali patupu hapapewi shule wala daktari wala barabara; na pasipo shule wala daktari wala barabara, hata waliostahimili hofu nao huondoka. Baada ya miaka hamsini anakuja bwana wa mipango na karatasi zake, anatazama, anaona miti na tumbili, anaandika kuwa eneo hili lina watu wachache mno hata haifai kulitumilia fedha. Hakuandika uongo. Aliandika nusu ya kisa, na nusu aliyoiacha iko Malindi, iko Mombasa, iko katika mitaa ya kupanga ambako watoto wa wakulima wa ufuta wanauza viazi karai kando ya njia.

Tukitoka huko tutazame Lamu Magharibi, ambako mambo yalikwenda vingine. Mwanzoni mwa miaka ya sabini serikali ilianzisha mashamba ya kuwakalisha watu karibu na ziwa ambalo leo huitwa Ziwa Kenyatta, pale Mpeketoni. Wakapimiwa ardhi, wakapewa hati, wakachimbiwa visima, wakafunguliwa shule na zahanati, na kwa juhudi yao wenyewe wakaifanya nchi ile kuwa ghala la mahindi, pamba na matunda. Sitaki mtu yeyote anisikie vibaya hapa. Wengi wa wale waliokuja walikuwa fukara wasio na ardhi walikotoka, nao wamepata msiba wao, maana usiku wa tarehe 15 Juni 2014 na usiku uliofuata, watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na jirani zake, na damu ile ni damu yetu sote. Sina kinyongo na mkulima wa Mpeketoni. Hoja yangu ni kwamba Mpeketoni ilionyesha dhahiri kuwa serikali ilijua namna ya kulijaza pori watu na riziki. Iliijua hati, iliijua pampu ya maji, iliijua shule. Maarifa hayo yalikuwapo mwendo wa siku moja tu kutoka Rubu, na hayakupelekwa Rubu.

Hata hati za ardhi, ambazo mwenyeji wa bara ya kaskazini aliambiwa hazipatikani, kumbe zilikuwa zikipatikana kwa wengine. Mwaka 2014, mwezi mmoja na zaidi kidogo baada ya mauaji yale, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa anafuta hati za ardhi ya Lamu zilizokuwa zimemilikishwa makampuni 22, na eneo lake likatajwa kuwa karibu ekari 500,000. Basi kumbe ile nchi iliyodaiwa kuwa haina thamani ya barabara ilikuwa na thamani ya kutosha kugawanywa na watu wasiowahi kulala huko hata usiku mmoja.

Sasa tumrudie yule mvuvi aliyebaki na mguu mmoja. Nataka mumwone kazini, kwa sababu pengo la mapato baina ya sehemu na sehemu ya nchi, ambalo huandikwa vitabuni kwa asilimia, huku huonekana kwa macho. Kijana wa Kiunga anayevua kambakoche hutoka alfajiri na wenziwe katika mashua ndogo, na miwani yake ya kuzamia, na kimia chake cha mkono, na pweza aliyefungwa katika kijiti. Pweza huyo ndiye silaha yake. Kambakoche hujificha katika mianya ya miamba, na hakuna mnyama amwogopaye kama pweza. Basi mzamiaji huzuia pumzi, akashuka, akamsogeza pweza katika mlango wa mwanya, na kambakoche akiona hilo hukurupuka kutoka kwa upande wa pili, akatumbukia katika kimia kilichokwisha kutegwa. Kazi hii ina elimu, nayo imerithishwa na baba kwa mwana, na inamtaka mtu awe na kifua cha pumzi na moyo usiotishika.

Akipanda juu na windo lake, elimu yake imekwisha kazi, na huanza elimu ya mwingine. Kambakoche anatakiwa akiwa hai, wala Kiunga haina pa kumweka siku nyingi, wala mvuvi hana boti ya kumfikisha Lamu, na mafuta ya safari ile ya baharini ni ghali kuliko awezavyo kuhimili mtu mmoja. Kwa hiyo huuza pale pale ufukweni kwa tajiri, au kwa wakala wa tajiri, ambaye ndiye pia aliyemkopesha mashine ya mashua, na miwani, na mafuta, na unga wa wakati wa kusi watoto walipokuwa hawana cha kula. Bei ni ya tajiri, mizani ni ya tajiri, na daftari ni la tajiri. Windo lile lile husafirishwa kwa boti na kwa ndege mpaka Mombasa na Nairobi, likawekwa mbele ya wageni katika sahani za hoteli kubwa, na kila hatua huongezewa bei ambayo senti yake hata moja hairudi Kiunga. Wala simlaani tajiri. Yeye naye hubeba hatari, na lau asingekuwapo yeye mvuvi yule asingekuwa na wa kumuuzia. Lakini mtambo mmoja wa barafu, matangi ya maji ya bahari ya kuwaweka kambakoche hai, na boti ya umma inayokwenda na kurudi kwa siku maalumu, vingembadilisha kijana yule kutoka mdeni hata akawa muuzaji.

Naye ni kijana aliyeongezewa taabu nyingine juu ya hizo. Tangu mwaka 2011, watalii walipoanza kutekwa nyara katika pwani hiyo na majeshi ya Kenya yakaingia Somalia, hoteli zilizokuwa Kiwayu na pembezoni mwake zilifungwa, na ajira ikatoweka. Kuvua usiku kukapigwa marufuku kwa miaka, na kila ajuaye bahari anajua kwamba kuna samaki ambao hawavuliwi ila usiku. Njia ya bara, itokayo Hindi ikapita Bodhai na Basuba mpaka Kiunga, ikawa njia ya mabomu ya kutegwa. Usalama ni faradhi ya serikali, na askari waliokufa katika njia ile walikuwa vijana wa watu, nawaombea rehema. Lakini usalama unaowazuia watu kuvua, ukawazuia kulima, ukawazuia kuingia msituni, kisha ukawaacha bila ya badali yoyote, mwisho wake utalinda nchi isiyo na mtu.

Waaweer wamepata zaidi. Wao walikuwa watu wa msitu, wa asali na uwindaji. Wakati wa Mashifta walitolewa misituni wakakusanywa vijijini kando ya njia, Milimani, Basuba, Mangai, Mararani na Kiangwe. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini kote. Na kuanzia 2014, kwa hofu ya wapiganaji wa al-Shabaab kutoka Somalia, shule za vijiji hivyo vitano zilifungwa, walimu wakaondoka, na watoto wakakaa miaka bila ya darasa. Mzazi afanye nini? Mwenye jamaa Lamu au Mokowe alimpeleka mtoto huko, na mama akamfuata mtoto, na baba akamfuata mama. Hivyo ndivyo kijiji kinavyofungwa. Hakuna tarumbeta linalopigwa wala tangazo linalotolewa. Mwalimu hakurudi baada ya likizo, basi. Mandera wanalijua jambo hili vilevile, maana baada ya tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 wa basi moja walipouawa, na walimu wakiwa miongoni mwao, mamia ya walimu wa kutoka sehemu nyingine walikataa kurudi, na madarasa yakabaki na vumbi.

Najua kuna msikilizaji anayesema moyoni mwake: Je, Katiba ya mwaka 2010 haikuyaponya haya yote? Swali hilo ni la haki, na jawabu lake lastahili uadilifu. Katiba ile ilileta serikali za kaunti, na mgao wa kwanza wa fedha ulifuata kanuni iliyotoa asilimia 45 kwa kadiri ya idadi ya watu, asilimia 25 sawasawa kwa kila kaunti, 20 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi, na 2 kwa utunzaji mwema wa fedha. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14, katika shilingi bilioni 190 zilizogawiwa, Lamu ilipata kiasi cha bilioni moja na nusu, fungu dogo kuliko yote. Lakini ukiligawa fungu hilo kwa vichwa vya watu, Mlamu mmoja alipata zaidi ya shilingi 14,000, wakati mtu wa Nairobi alipata kama 3,000. Na hapo ndipo uliposhika ule mjadala wa mwaka 2020 katika Seneti, wakati wa kupanga kanuni ya tatu, wakatoka watu wakidai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, yaani kila kichwa kipewe sawa popote kilipo.

Dai hilo lina sura ya haki, nami siwadharau waliolitoa, kwa kuwa katika kaunti zenye watu wengi wamo maskini wengi. Hata hivyo nalikataa, kwa sababu mbili. Kwanza, boti ya wagonjwa itokayo Kiunga kwenda Lamu hunywa mafuta yale yale ikiwa imembeba mama mmoja mwenye uchungu wa uzazi au ikiwa imewabeba kumi. Na zahanati yahitaji mkunga mmoja hata kama uzazi ni mmoja kwa mwezi. Pili, na hili ndilo kubwa, hesabu ya vichwa huanza kuhesabu baada ya watu kwisha kufukuzwa. Inamhesabu mtoto wa Rubu akiwa Mombasa, ikampa Mombasa shilingi yake, na Rubu ikaambiwa haina watu. Na kama haitoshi, hesabu hiyo hiyo inatishia na kiti cha Bunge; kwani Lamu Mashariki ni moja katika maeneo 27 ya ubunge ambayo yalinusurika mwaka 2010 kwa hisani ya Katiba, ingawa watu wao walikuwa pungufu ya kiwango, na kila mara mipaka inapojadiliwa jina lake hutajwa katika orodha ya yale yanayofaa kuunganishwa na jirani. Waliopoteza mashamba, kisha wakapoteza shule, sasa waambiwe wapoteze na msemaji?

Iko dawa nyingine katika Katiba ile, ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 204 kimeanzisha Mfuko wa Usawazishaji, na kikaamuru kwamba nusu ya shilingi katika kila shilingi mia ya mapato ya serikali ya taifa iwekwe humo kila mwaka, itumike kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, mpaka huduma zao zifikie kiwango kinachopatikana sehemu nyingine za nchi. Lamu ilitajwa katika kaunti 14 za mwanzo zilizostahiki. Lakini kwa miaka mingi fedha zilizofika mashinani zilikuwa haba mno, kwa kuwa serikali ya taifa na serikali za kaunti zilishindana juu ya nani azishike, mpaka mwaka 2019 Mahakama Kuu ikabatilisha kanuni zilizokuwa zikiuongoza mfuko. Hao walioshindana walikuwa na njia za lami za kupitia wakienda mahakamani.

Na bandari je? Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012 mbele ya wakuu wa nchi tatu, na gati lake la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Ni jambo kubwa, nami naliombea heri. Ila kwa wavuvi lilianza kwa kuwanyima mikondo na malisho ya samaki, hata wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ile yafaa ikumbukwe kwa sababu moja: ndiyo iliyowatambua watu wa pwani hiyo kuwa ni wenye haki katika bahari yao, si wapita njia. Ardhi ya bara bado inangojea hukumu ya namna hiyo. Bandari ikikua, thamani ya ardhi kaskazini itapanda, na pale itakapopanda, mwenye karatasi atamshinda mwenye makaburi ya babu zake.

Kwa hiyo, kabla meli hazijawa nyingi, ni wajibu wa serikali ya taifa, na Tume ya Ardhi, na Kaunti ya Lamu, kukaa na wazee wa Kiunga, Rasini na Basuba, na pamoja nao wale walio Malindi na Mombasa, wakaandika ni vijiji gani vilivyohamwa na ni ahali zipi zilizokuwamo, na ardhi hiyo ikasajiliwa kwa majina yao, wawe wamerudi au hawajarudi. Haki haingojei mtu ajenge nyumba kwanza. Wengine hawatarudi, maana wameoa, wamezaa na wamezikana mijini. Lakini najua wako wengi, na hasa vijana wasio na kazi, ambao wangerudi kesho kama kungekuwa na hati mkononi, kisima, boti ya umma, mwalimu anayekaa, na askari anayelinda shamba badala ya kulifunga.

Nanyi wasikilizaji mlio mbali na mpaka huo, mlioko Nyeri, Kisumu, Kakamega na Nairobi, msidhani kwamba haya hayawahusu. Katiba imesema kwamba Mfuko wa Usawazishaji utakoma baada ya miaka ishirini tangu ianze kutumika, nayo ilianza tarehe 27 Agosti 2010. Bunge lina uwezo wa kuurefusha, kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya kaunti katika Seneti, na kura hizo haziwezi kupatikana Lamu peke yake. Mbunge wako atakapokuja kuomba kura, mwulize atasimama upande gani siku hiyo, na usimwachilie mpaka akujibu. Muda wa mfuko huo unamalizika mwezi wa Agosti 2030.